Kibao cha Durban

Kisiwa chetu hakina masafa ya kujivunia. Ukitoka Mji Mkongwe asubuhi umeshiba boflo na maharage, ukashika njia ya shamba bila ya kusimamasimama, njaa haijarudi ushaiona bahari ya upande wa pili. Vibao vya serikali vya barabarani vinalijua hilo na havijisumbui. Jozani, Kitogani, Paje, Makunduchi, na pembeni nambari ndogo ndogo ambazo mgeni wa kutoka bara akiziona hucheka, maana kwao huo ni mwendo wa kwenda kumjulia hali shangazi na kurudi kula chakula cha mchana. Sisi tunauona mwingi. Mtu wa mjini akialikwa harusi Makunduchi huaga majirani, hubeba nguo za akiba, na akirudi hukaa barazani kusimulia safari.

Ndiyo maana mtu aliponipigia simu akitaka nimwandikie kibao cha kilomita elfu saba, nilimwuliza kama nambari aliyoipiga ndiyo aliyoikusudia.

Mimi ni mwandika vibao. Kwa herufi za mkono, mjini hapa hakuna anayenishinda, na wale wawili watatu ambao zamani wangeweza kubisha wameshahamia kwenye mashine za kuchapa plastiki, kwa hivyo ubishi umekwisha. Nilianza na hina na piko kwa mabibi harusi. Siku moja mwenye saluni aliniona navuta mstari mwembamba kwenye kiganja cha mtu bila ya mkono kutikisika, akaniambia nimwandikie jina la saluni yake ukutani. Nikaandika. Jirani yake akataka na yeye. Watu walisema mwanamke juu ya ngazi, jamani, haipendezi. Wakasema mpaka wakachoka, na mimi nikabaki juu ya ngazi. Leo nina vespa, nina ndoo zangu za rangi, na ukipita kutoka Darajani mpaka Malindi kazi yangu utaisoma hata kama hukukusudia.

Aliyenipigia simu ni mtu wa mjini kama mimi, aliyerithi kiwanja Paje akajenga vyumba vichache vya wageni karibu na barabara. Alikuwa na nguzo ya mvinje, ameisimamisha pembeni mwa njia, na alitaka niijaze mishale ya mbao: Warsaw, Berlin, Milan, Oslo, kila mmoja na kilomita zake. Wageni wake wanapenda, aliniambia. Nilishangaa, lakini kimoyomoyo. Mtu amekaa ndani ya ndege usiku kucha kuikimbia Warsaw, akifika Paje anataka kupigwa picha amelikumbatia jina lake. Haya, kila mtu na wazimu wake, na kazi ni kazi. Nikafunga ndoo nyuma ya vespa nikaenda.

Nambari nilizipata kwa simu. Simu inapima mstari ulionyooka, juu kwa juu, haijali bahari wala jangwa wala viza. Mwelekeo nao una njia yake. Kwetu kibla kiko kaskazini, na hilo hata mtoto anayesoma Kurani chuoni analijua akiwa amefumba macho. Ukishasimama ukakielekea kibla, dunia yote imekaa mahali pake: Maskati iko bega la kulia, Warsaw kushoto kidogo, Afrika Kusini iko mgongoni. Mshale wangu hauelekei ovyo. Nimeviona hivyo vya hoteli nyingine, London inaelekea chooni na Paris inaelekea baharini kwenda Australia, na hakuna anayejali. Mimi najali.

Na nina sharti moja la kazi ambalo silivunji kwa mtu yeyote. Mwenye kibao akishike kibao. Kabla sijapiga msumari, yule aliyeagiza anakuja mwenyewe, anakishikilia pale kitakapokaa, mimi narudi nyuma ng'ambo ya barabara natazama. Tunasogeza juu, tunasogeza chini, tunaelekeza. Yeye ndiye wa kusema "hapo." Asiposema hapo, nyundo yangu haiinuki. Wengine wanaona namchosha mteja. Lakini mtu akishakishika kwa mikono yake akasema hapo, kesho hawezi kuja kuniambia nimemwekea kitu kisichokuwa chake.

Siku ya kwanza nilimaliza miji ya wageni. Mwenye nyumba alishika kila mshale, akasema hapo kila mara kwa sauti ya mtu anayeapishwa, na nguzo ikapendeza.

Sasa, pale nguzo iliposimama ndipo wanawake wa kijiji wanapopita kwenda pwani kwenye mwani na kurudi. Wakaanza kusimama. Wengi wao wanasoma vizuri, na asiyesoma alisomewa. Wakayasoma majina yale kwa sauti, wakayageuza midomoni, wakacheka. Kisha mmoja akauliza swali ambalo mwenye nyumba hakulitegemea. Mwanawe ni mpishi Maskati. Mbona Maskati haimo? Au kwa kuwa anayetoka kule ni mtoto wake yeye na si mgeni wa kulipa?

Mwenye nyumba ana akili. Anajua kuwa anaishi juu ya ardhi ya watu na anakunywa maji ya kisima chao. Akajibu palepale kwamba kila nyumba yenye mtu wa mbali ina haki ya mshale wake, bure, upande wa chini wa nguzo, na fundi atawaandikia. Fundi ndiyo mimi. Hakuniuliza, lakini nilimpenda kwa jibu lile.

Kesho yake nilipofika nilikuta foleni. Maskati ilikuwa na watu wanne, nikawaambia washirikiane. Dubai. Kanada, ya binti aliyeolewa huko. Palizuka ubishi mkubwa kama Mombasa ni mbali au si mbali, ukamalizwa na bibi mmoja aliyesema kuwa nduguye aliyeko Mombasa hakuja hata kumzika mama yao, kwa hiyo ni mbali. Akaja mzee mmoja akataka Kendwa. Wanawake wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Kendwa iko kisiwa hikihiki! Yeye hakutetereka. Bintiye ameolewa Kendwa, alisema, tangu Idi mpaka Idi hajamwona, na kama hiyo si safari ndefu basi wamwambie ni nini. Nikamwandikia Kendwa bila ya nambari, akashika kibao chake akasema hapo, akaenda zake kifua mbele.

Nilikuwa nafurahi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika vibao ambavyo wenyewe walivitazama kwa muda mrefu kuliko mimi.

Halafu akaja bi mkubwa mmoja. Mrefu, mwembamba, amejifunga kanga kifuani kwa nguvu kama mtu anayekwenda kubeba kitu kizito, vidole vimechanjwachanjwa na kamba za mwani. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu marahaba mwanangu, akasema anataka Durban, ya mwanawe wa kiume.

Kelele za wanawake zikakatika.  Wakaanza kuokota mizigo yao mmoja mmoja. Nikajua nimekanyaga kitu. Nikamwambia bi mkubwa kuwa mbao zimekwisha kwa sasa, aje alasiri, nitakuwa nimemkatia ya kwake. Mbao zilikuwepo. Nilitaka kwanza kujua nimekanyaga nini.

Sikuhitaji kutafuta. Saa ya jua kali, nimekaa barazani kwa mwenye nyumba nangoja rangi ikauke, akaja mwanamke wa makamo ya thelathini hivi, nguo zimelowa maji ya chumvi mpaka magotini. Alikaa kitako karibu yangu bila ya kukaribishwa. Akaniambia yeye ni mkamwana wa yule bi mkubwa, mke wa huyo aliyeko Durban. Halafu akasema, kama yuko.

Hadithi yake aliieleza bila ya kulia. Mumewe alikwenda Dar, akazamia meli na wenzake, akatokea Afrika Kusini. Mwanzo alipiga simu na kuleta chochote. Kisha simu zikawa za msimu. Kisha nambari ikawa haipatikani, na miaka ikaanza kupita juu yake. Watoto hawakubahatika kupata. Wamebaki wanawake wawili ndani ya nyumba moja, mama na mkamwana, wanafunga mwani pamoja, wanapika chungu kimoja. Sasa amekwenda kwa kadhi kuomba ndoa ivunjwe. Kadhi amemwambia sawa, lakini ni lazima ijulikane kwa ushahidi kuwa mume hajulikani alipo wala halishi, na siku ya Jumatatu anamtaka sheha wa kijiji aje aseme. Na sheha, aliniambia, ni mtu mwema asiyetaka ugomvi. Atasema lile linalosemwa kijijini.

"Mama anasema kila mahali mwanawe yuko Durban," akasema. "Ukikipigilia kile kibao barabarani, nani atasimama mbele ya kadhi aseme hajulikani alipo?"

Nikamwuliza kuna mtu anayemngojea. Akasema yupo aliyeuliza, mtu mzima, mwenye heshima zake, lakini hilo silo lililompeleka kwa kadhi.

"Mie si mke, si mjane, si mtalaka," akasema. "Nkiulizwa mie nani, sina la kujibu."

Lo, nilipandwa na hasira, na hasira zangu hazina adabu. Niliwakasirikia wote: mzamiaji aliyetoroka, mama aliyeziba masikio, sheha wa kufuata upepo, na huyu mwanamke aliyenitafuta mimi na rangi zangu badala ya kwenda kumtafuta mama mkwe wake wakayasema. Nikamwambia mimi si kadhi, naandika vibao. Akasema anajua. Hakuniomba nikatae. Aliniomba nichelewe tu, mpaka Jumatatu ipite. Nikamwuliza kwa nini hayasemi haya nyumbani.

 Kila akitaka kuyasema, alinieleza, anamwona mama anavyokaa jioni na simu mapajani, imechajiwa, hakuna anayempigia. Akimwambia mwanao kapotea, ni sawa na kumwambia mwanao kafa. Hawezi. Huyo mama ndiye aliyemuuguza homa, ndiye anayembakishia kichwa cha samaki, na wazazi wake mwenyewe walishatangulia mbele ya haki.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini ule niliusikia uzito wake mabegani mwangu mwenyewe. Hata hivyo sikumuahidi kitu. Kazi yangu haichelewi, nilimwambia; nikianza kuchelewesha vibao kwa sababu za watu sitamaliza hata kimoja. Akainuka akaenda zake.

Bi mkubwa alirudi kabla ya alasiri. Nilikuwa namkatia ubao, na nikaona si vibaya kumwuliza habari za mwanawe, kama nilivyowauliza wengine wote. Nani alimwona Durban? Kijana mmoja wa Bwejuu aliyerudi kutoka huko. Lini? Zamani kidogo. Na tangu hapo? Akanitazama juu mpaka chini akaniuliza mimi ni fundi au askari polisi. Nikacheka, maana ningekuwa mimi ningejibu hivyohivyo. Kisha akanipa jibu alilokuwa akiwapa watu wote, nalo lilimtoka laini kama lililokwisha kutumika sana: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwanawe ataranda atakavyoranda, mwisho atarudi.

"Nkishakibandika pale," akasema, "hakuna tena wa kuniambia mwanangu kapotea. Watu wapite wasome."

Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Yule mama alitaka kuwabishia wahenga kwa rangi na ubao, na Mungu anisamehe, sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa upande wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sehemu ya pili ilikuwa imekaa na yule mwenye nguo zilizolowa.

Nikaandika. DURBAN, na chini yake kilomita elfu mbili mia saba na sabini, nyeusi juu ya nyeupe, na sikuiharibu hata herufi moja kwa makusudi, maana hata huruma haitanifanya niandike vibaya. Mkamwana alikuwa anarudi kutoka pwani na wenzake, mzigo wa mwani kichwani. Aliona herufi zile kwa mbali akasimama. Macho aliyonitupia sitaki kuyaeleza. Mimi nilikuwa na hakika ya jambo moja tu, na nililishikilia: hakuna msumari mpaka mwenyewe aseme hapo.

Rangi ilipokauka nikamwita bi mkubwa, naam akaitika, akaja. Nikampa kibao. Vibao vya kijiji vilikuwa chini, usawa wa kifua, hakuhitaji kupanda popote. Akakiegemeza kwenye nguzo, mkono mmoja huku na mmoja huku. Mimi nikavuka barabara na nyundo yangu na misumari mdomoni, kama nilivyofanya kwa wote. Wanawake walikuwa wamesimama na mizigo yao, maji ya mwani yanawachuruzika mabegani, na hakuna aliyeondoka safari hii.

Nikamwambia aelekeze. Akaniuliza wapi. Nikamwambia akipe kibla mgongo, kisha kulia kidogo. Akakigeuza taratibu, kikafika mahali pake sawasawa, kinaielekea Durban bila ya kosa. Nikatoa misumari mdomoni nikauliza:

"Hapo, bi mkubwa?"

 Nilidhani hakunisikia, nikauliza tena. Alikuwa anautazama mshale pale unapoelekea, juu ya mapaa ya makuti, juu ya minazi, kule kusikokuwa na kitu isipokuwa mbingu. Kisha akakisogeza. Kidogo tu, kulia. Akasema, si kwa kuniambia mimi, kuwa yule kijana wa Bwejuu aliwasikia wakizungumza habari za kwenda Kepu Tauni. Nikasema Kepu Tauni ni mji mwingine, bi mkubwa, na kilomita zake nyingine, nikiandika hivyo itabidi nifute. Akasema basi, basi. Akakirudisha. Halafu akakisogeza tena. Kuna mwingine aliyesema Maputo, alieleza. Na mwaka ule wa mwanzo mwenyewe aliwahi kusema kwenye simu kuwa atapata meli ya kwenda Brazili.

Nikawa nimesimama ng'ambo ya barabara na nyundo yangu. Gari ikapita katikati yetu, ikapita na pikipiki, na kila zikipita namkuta yule mama kakielekeza kibao kwingine. Ncha ya kibao ikaanza kuinamia chini. Ubao wenyewe si mzito. Nilitaka kumwambia akiweke chini, tutafanya kesho, ila mkamwana alinitangulia.

Mkamwana akautua mzigo wake chini. Akavuka pale kwenye mchanga akaenda kusimama kando ya mama mkwe wake, akashika ncha ya pili ya kibao. Nilidhani anakwenda kumpokonya. Nadhani kila mtu alidhani hivyo. Hakuvuta. Alikibeba tu, ili uzito umpungukie mwenzake.

"Elekeza, mama," akamwambia. "Mie nshakishika. Popote utakaposema, ndipo."

Bi mkubwa akamgeukia. Walikuwa wamesogeleana kiasi ambacho kanga zao zimegusana. Alimtazama mtoto wa watu ambaye kwa miaka yote hiyo amekula naye, akamtazama vizuri, kama vile yeye ndiye aliyerudi kutoka safari. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Sijui alipo."

Mkamwana akasema, "Mama, basi."

"Sijui alipo," akarudia, na safari hii aliwageukia wanawake wenzake, akasema kwa sauti ya kumfikia hata aliyekuwa mwisho. "Mwanangu sijui alipo. Skieni nyote. Sijui."

Nikavuka barabara bila ya kutazama gari. Nilipofika walikuwa wameshakaa chini wote wawili, migongo kwenye nguzo, kibao mapajani mwao, wanalia, na wanawake wengine wamewazunguka, wengine wanalia pia. Na mimi nililia. Niliiweka nyundo kwenye ndoo nikakaa mchangani pamoja nao. Mwenye nyumba alitoka kuona kuna nini, akaona ni wanawake tu, akarudi ndani kwa heshima.

Kibao sikukipigilia. Bi mkubwa aliuliza kama anaweza kukichukua, nikamwambia ni chake. Akakiweka kichwani, juu ya kata ya kanga, wakaenda zao nyumbani.

Jumatatu asubuhi bi mkubwa na mkamwana walinigongea mlango, wameuliza nyumba ya mwandika vibao mpaka wakafika. Bi mkubwa alikuwa amevaa buibui jipya na amejifukiza udi, na alisema kuwa mjini hapajui vizuri, vichochoro vyote anaviona kimoja, na katika mji mzima anayemfahamu ni mimi. Hawakunihitaji kwa ushahidi wowote. Nilijifunga buibui langu nikawapeleka, na tulipofika nikakaa nao, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niondoke na ningeambiwa nisingeondoka.

Sheha alisimama kwanza. Maskini, alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. Wako wanaosema hivi, wako wanaosema vile, kijiji kina watu wengi. Kadhi alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akauliza kama yupo mwingine mwenye habari za huyu mume. Bi mkubwa akainuka.

Alisema yeye ndiye mama yake mzazi. Alisema miaka yote amewaambia watu kuwa mwanawe yuko Durban, na hakuwa anasema uongo, alikuwa anataka iwe hivyo. Alisema haletewi salamu, haletewi matumizi, wala hajui kama yuko hai. Yote hayo aliyasema amenyooka, bila ya kushika kitu. Mkamwana alikuwa ameinama, vidole vinafinyanga upindo wa buibui.

Kadhi akamwuliza kwa upole kama anafahamu kuwa kwa maneno hayo anamsaidia huyu mwanamke kuachana na mwanawe. Akasema anafahamu. Kadhi akamwuliza, na hakulazimishwa na mtu? Akasema hapana. Halafu akamwekea mkwewe mkono kichwani, mbele ya kadhi na karani na watu wote waliokuwa wakingojea kesi zao.

"Nna watoto wawili, sheikh," akasema. "Mmoja sijui alipo, nnamwombea Mungu. Huyu nnajua alipo. Usinipotezee wote wawili."

Kadhi akaagiza bi mkubwa aletewe kiti.

Ndoa ilivunjwa siku ileile, kabla ya adhuhuri. Nikawasindikiza mpaka kwenye gari za Paje. Njiani bi mkubwa alinunua ndizi, akachagua zilizoiva zaidi akampa mwenzake, akamwambia ale, tangu alfajiri hajatia kitu mdomoni. Wakapanda wameshikana mikono, mama na mwanawe, wakarudi nyumbani kwao.